Shavu la Shangazi Fusi

Mama, lu yako, ile nyama ya kufungwa kwenye majani ya taro, iko jikoni, nimeifunika. Feleti, mdogo wangu, anua mikeka kabla ya mvua, tafadhali.

Nimekimbilia kwa mchapaji. Kanipigia asubuhi kuhusu kijitabu cha sherehe ya Bibi nilichokisanifu: “Dada, huyu mama wa pembeni mwa picha mnamtaka? Maana kisu cha kukatia karatasi kitampitia shavuni.”

Mama wa pembeni ni Shangazi Fusi! Dada yake Baba, anayeinamiwa na ukoo mzima, nami nusura nimnyoe shavu, nakala mia mbili. Chuoni nilifundishwa kwamba picha ivuke mstari wa kukatia. Nikafaulu, nikasahau. Tena siku ya kupiga picha nilimwona yuko ukingoni, nikaona haya kumwambia asogee.

Wanaanza kuchapa mchana. Nitaipunguza picha na kuizungushia pambo la ngatu, kama michoro ya vitambaa vyetu vya magome, ili kisu kikate pambo, si shavu.

~~Shangazi akifika, msimwambie kitu.~~ Kapiga simu nikitafuta viatu, nikashindwa kunyamaza. Kacheka mpaka kakohoa: “Ungewaambia wakate kidevu, mwanangu. Videvu ninavyo viwili.”

Binti yenu msomi