Aleksanda wa Makedonia na Barua Yako ya Mpwapwa

Makole, Dodoma
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Stara,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko Sumbawanga, wewe, shemeji na watoto? Kifua cha mwanao Munira kimepona? Huku tu wazima, ila mama magoti yanamsumbua na baridi hii, na upepo ni vumbi tupu.

Nimeona nikuandikie. Kwenye simu ningebabaika.

Wiki iliyopita kazini tulipewa semina ya uongozi, hata sisi wa stoo. Mwezeshaji, kijana mmoja Ludovick, alifundisha kwamba watu tuna tabia za aina nne, akatupa mfalme wa kale tumchambue: Aleksanda wa Makedonia. Tukasema huyu ni aina ya kwanza. Anaamua haraka, anathubutu, hataki kupingwa. Nikajaza fomu yangu, nikatoka aina hiyohiyo. Wenzangu wakaanza, "Shikamoo mfalme!" Nikacheka, na kusema kweli nilifurahi.

Kisha Ludovick akasimulia kwamba mfalme huyo, akiwa amelewa, alimchoma mkuki rafiki yake Kleito, aliyewahi kumwokoa vitani, kisa kapingwa mbele ya watu. Akalia siku tatu, hali chakula. "Mnaona? Watu wa aina hii wana moyo." Mama Paskazia wa masjala akamkata: "Alilia, sawa. Kleito alifufuka?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikuweza.

Stara, mwaka 1999 ulichaguliwa chuo cha mifugo Mpwapwa. Barua ilikuja, niliipokea mimi. Baba alishafariki, mama alikuwa anaumwa, nikaamua peke yangu kwamba ubaki umuuguze. Uliniuliza mara tatu, nikakwambia hakuna kitu. Mpaka leo unawaambia wanao hukufaulu. Ulifaulu. Barua yenyewe nimeiweka humu.

Nilitaka kuandika kwamba ndivyo nilivyoumbwa, aina ya kwanza. Lakini ile fomu ina maswali arobaini, na hakuna hata moja linalowauliza walioamuliwa. Niliamua nikijua. Na mimi nililia, kwa siri, miaka ileile. Haikukusaidia kitu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, wanao waambie ukweli hata hivyo.

Mke wangu Khairat anakusalimu, na Hanifu wetu pia. Mama nilimweleza Ijumaa, baada ya swala. Kupitia kwa Khairat anakusalimu sana, anasema uje. Mimi hajaniongelesha mpaka leo.

Mwenyezi Mungu akufungulie kila nilichokufungia.

Kaka yako akupendaye,
Jamaldini