Mkono wa Mbuke Haukuvimba

Jumatatu, 11 Aprili 1983

Leo tumechoma watoto saba, wote wa nyumba zenye wagonjwa wa kifua kikuu. Kasindano kadogo ndani ya ngozi ya mkono. Siku ya tatu pakivimba, basi wadudu wameshaingia, mtoto anaanza vidonge. Pasipovimba, salama. Ufunguo wa friji anao Cornel. Kila siku Cornel! Mimi ndiye nesi, yeye mchanjaji tu, lakini friji haifunguliwi bila yeye. Nimemwuliza kwa nini, akacheka. Eti mafuta ya taa yameadimika, baridi isitoke ovyo. Haya.

Alhamisi, 14 Aprili

Saba wote bapa! Hata Mbuke wa Maduhu, miaka minne, analala kitanda kimoja na babake — na Maduhu anatema damu tangu arudi kutoka mashimo ya dhahabu upande wa Segese. Mwezi wa pili kijiji cha jirani tulichoma kumi, wakavimba wanane. Leo hata mmoja hakuna? Mimi si mtoto wa jana. Cornel ana redio mpya. Dawa imeuzwa, chupani kuna maji. Wahujumu uchumi hawako madukani tu.

Kadi zote nimeandika SALAMA. Nikikataa matokeo, atashtuka kabla sijamnasa. Nitarekebisha baadaye.

Jumamosi, 16 Aprili

Cornel kaenda mnadani. Ufunguo nimeukuta chini ya kopo la pamba. Nimejichoma mwenyewe, chupa ile ile; nimehudumia wagonjwa wa kifua miaka mingi, dawa ikiwa nzima lazima nivimbe. Tuone.

Jumanne, 19 Aprili

Mkono umevimba kama andazi! Unawasha mpaka usingizi sipati. Kwa hiyo dawa ni nzima? Au alinusa mtego akarudisha nzuri? Huyu mtu mjanja. Nimemwandikia barua Katibu wa Kata. Bado sijaipeleka, imo humu daftarini. Nataka ushahidi.

Jumatano, 4 Mei

Daktari wa wilaya kaja ukaguzi. Nimemvuta pembeni, nimemmwagia yote: redio, ufunguo, mikono saba. Habari ya Cornel hata hakuishika! Kaniuliza tu kama surua imepita huku. Nikaapa haijapita, rejista haina hata mgonjwa mmoja.

Akanieleza. Virusi vya surua, kasema, huingia ndani ya chembechembe zile zile zinazolinda mwili. Kanipa mfano wa sungusungu, walinzi wa kijiji: mwizi asipigane nao, aingie miongoni mwao, kila mwenye filimbi anyamaze. Mkono huvimba kwa sababu walinzi wamemtambua adui. Wakinyamazishwa, mkono unakaa bapa, wiki kadhaa hata baada ya vipele kuisha — na kifua kikuu kinatembea ndani kitakavyo.

Nimeitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, kumbe na wakubwa wanakingiana.

Ijumaa, 6 Mei

Naandika kando ya barabara.

Asubuhi Maduhu kaja zahanati mwenyewe, anahema. Mbuke haamki vizuri. Tumekimbia na Cornel kwa baiskeli. Mtoto wa moto, shingo imekakamaa, anatapika, hata mamake hamtambui. Mungu wangu.

Nikamwuliza Mama Mbuke, kabla ya sindano yetu mtoto aliugua nini? Nikauliza mara ya pili. Ndipo akasema: vipele, mwezi wa tatu, na macho mekundu. Watoto karibu wote wa huku. Waliwafungia ndani. Eti nesi akijua atawadunga, na sindano inarudisha vipele ndani, mtoto anakufa. Vilipokauka ndiyo wakawaleta.

Surua! Ndiyo iliyonyamazisha mikono, na kifua kikuu kimeshapanda kichwani mwa Mbuke. Wao walikuwa wananishuku mimi, na mimi namshuku Cornel.

Nikasema twende hospitali sasa hivi. Mama Mbuke akagoma. Akafungua pindo la khanga, akatoa kadi. "Mwalimu alinisomea, mayu, mama yangu. Imeandikwa salama. Kama ni salama, hospitali ya nini? Na kama si salama, aliyeandika ni nani?"

Mwandiko wangu. Wino wangu wa bluu. Nilifungua mdomo — na Cornel akatangulia.

"Niliandika mimi, mama. Nilikosea. Mlete mtoto, tunachelewa."

Akakubali. Ndiyo tupo hapa, tunasubiri gari lolote.

Kwa nini amesema ni yeye? Anataka nini kwangu? Barua ya Katibu inachungulia kwenye kurasa hizi, na yeye kakaa hatua mbili tu kutoka hapa. Ameiona? Ameshika chupa ya maji ya mtoto, hata hanitazami.

Kuna vumbi kule. Lori, au ng'ombe, bado sijajua. Cornel kanyanyuka kumpokea Mbuke, Mama Mbuke kamsukuma mkono. Hataki yule amguse mwanawe tena. Ananinyooshea mtoto. "Mbebe wewe, nesi. Wewe ndiye ninayekuamini."