Povu la Sabuni

Shikamoo Mama,

Jua la Kariakoo leo limenibabua. Nilikuja kutafuta mpira wa kuunganisha jiko letu la kuchomea nyama na mtungi wa gesi wa lile gari tunalolala safarini. Fundi, mama mmoja mtu mzima, alipomaliza kuunga akanipa kiberiti niwashe. Nikarudi nyuma, nikiogopa kulipukiwa. Wala hakunicheka. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio.

“Tazama, mwanangu, povu limetulia. Hapavuji.”

Ndipo nikawasha.

Nikaukumbuka mtungi wa gesi niliokuletea, ukaogopa kuuwasha, ukaufunika kitambaa na kuweka maua juu, nami nikakucheka mbele ya wageni. Nisamehe, Mama. Nakuja na sabuni. Maua utayatoa mwenyewe, siku moyo ukitulia. Usipotulia, nitakununulia maua mengine.

Mwanao, Rehema