Gari Linapiga Mluzi, Mume Wangu Anasema Halipigi

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa magari,

Jumapili iliyopita, mbele ya majirani tuliotoka nao kanisani, mume wangu Strahil alitangaza kwamba gari letu ni zima kabisa na kwamba tarehe sita Mei, sikukuu ya Mtakatifu Giorgi, atatuvusha mlima, mimi na mjukuu wetu Yoana wa miaka saba na mwanakondoo wa kuchoma, mpaka kwa dada yake bonde la pili, na hapo ndipo ninapoomba msaada wako, kwa sababu gari hilo si zima, linapiga mluzi.

Ni dizeli ya zamani yenye turbo, tunayo tangu binti yetu akiwa shule, na tangu theluji ilipoyeyuka, kila tukianza kupanda nasikia mluzi mwembamba unaozidi kupanda kadiri anavyokanyaga mafuta, na akiachia unakatika, na nikisema mwembamba ujue ni mwembamba, mimi naimba kwaya ya kijiji tangu usichana wangu na sauti nazijua, halafu tukifika kona za juu gari linachoka, anashusha gia mahali ambapo miaka yote hakushusha, na nyuma yetu unabaki moshi mweusi. Nikimwambia anaegesha palepale, anafungua boneti, anainama huku injini ikiunguruma taratibu.

"Haya, sikiliza mwenyewe, Dafina. Mluzi uko wapi?"

"Hapa haulii. Unalia tukipanda."

"Basi ni kwaya yako hiyo, imekuingia kichwani."

"Babu, hata mimi nausikia tukipanda!" akasema Yoana kutoka kiti cha nyuma, na yeye akafunga boneti kama vile hakuna mtu aliyefungua mdomo.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko gari, mshauri, kwa sababu siku hizi amekuwa hivyo kwa kila jambo, mtoto anamuuliza swali anamwacha hewani, birika linapiga filimbi jikoni yeye amekaa karibu nalo anasoma gazeti mpaka mimi nikimbie kutoka bustanini, neno moja nalisema mara tatu, sasa nimeanza kupayuka na nikipayuka ananiambia, "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi." Na huyu ni Strahil ambaye alitengeneza malori ya magogo maisha yake yote, watu walikuwa wanamletea magari kutoka mabonde ya mbali ili asikilize tu, alikuwa anatega sikio kwenye mpini wa bisibisi na kukuambia ni beringi ipi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuukosa mluzi ambao mtoto anausikia. Kwa hiyo naamini anausikia, ila ananificha, ama anajua gari limekwisha na hataki kusema, ama mimi na mtoto hatuhesabu tena.

Mjini bondeni kuna Zahari, aliyejifunza ufundi kwa mume wangu, ana gereji nzuri. Nimefikiria kulipeleka gari kwake kwa siri siku ya soko, lakini ikijulikana kwamba mke wa Strahil amepeleka gari la Strahil kwa mwanafunzi wake, mume wangu hatakanyaga tena mkahawani. Nisipolipeleka, nampandisha mjukuu mlimani ndani ya gari nisiloliamini. Niende kwa Zahari, au nikatae kupanda na kuharibu sikukuu? Majina yetu nimeyabadilisha, na mume wangu katika gazeti lenu husoma michezo tu. Namba ya nyumbani iko nyuma ya bahasha.

Dafina, milima ya Rodopi

*

Bibi Dafina,

Mumeo hakudanganyi. Nimelithibitisha hilo Jumanne, nilipopiga simu kwenu kuuliza kama oili inapungua. Aliipokea yeye.

"Gazeti? Sisi hatununui kitu!"

Nikasema namtafuta mkewe. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo ni nzito, na alinielewa mara ya kwanza. Akakuita. Ukajibu "Nakuja!" Mimi niliye mjini Plovdiv nilikusikia kwenye simu. Akakuita tena, ukajibu tena. Kisha akaniambia kwa upole, "Utuwie radhi, bwana. Mke wangu masikio yamemwisha."

Strahil hasikii tena sauti nyembamba. Injini za malori hula masikio kuanzia sauti za juu. Sauti nzito hubaki kwa miaka mingi. Ndiyo maana mimi ananisikia, na wewe, Yoana, birika na mluzi wa turbo hamumfikii. Injini inayounguruma anaisikia vizuri, kwa hiyo haoni kwamba amepungukiwa na chochote. Wewe uliyaandika haya yote kwa mkono wako, moja baada ya jingine, kisha ukayaita dharau. Mwimbaji alipaswa kushtuka mapema.

Sasa gari. Mluzi unaopanda na mafuta na kukatika ukiachia, gari kukosa nguvu mlimani, moshi mweusi: hayo matatu yakija pamoja, mara nyingi turbo lenyewe ni zima. Linasukuma hewa, na hewa inavuja njiani kabla ya kuingia kwenye injini. Tafuta bomba la mpira la hewa lililopasuka au klipu iliyolegea. Gari likiwa limesimama mpira hautanuki, mpasuko unabaki umefumba. Kwa hiyo pale alipoinama chini ya boneti, hata Yoana asingesikia kitu.

Lakini sijaliona gari lako, na kubahatisha si kupima. Kwa Zahari usiende. Fundi unaye nyumbani, na kilichomwisha ni sauti za juu, si akili wala mikono. Acha kumwambia "kuna mluzi." Mwambie, "Gari halivuti kona za juu, umeanza kushusha gia." Mguu wake unalijua hilo tayari. Kisha mpe ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, azibe mdomo wa turbo unaovuta hewa kwa kizibo chenye vali ya tairi, ajaze upepo kidogo tu kwa kompresa, asizidishe, na apake sabuni kwenye mipira yote. Penye mpasuko patatoa povu. Povu halihitaji masikio.

Kabla ya kuziba, aingize kidole na kutikisa ekseli ndogo ya turbo. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Ikicheza mbele na nyuma, au mapanga yake ya feni yakigusa ukuta, turbo limekwisha. Moshi uliandika ni mweusi, na kwenye simu ukaniambia oili haipungui, vizuri. Siku ukiona moshi wa bluu, oili ikashuka kwenye kijiti cha kupimia, au mluzi ukageuka kuwa king'ora au mkwaruzo wa chuma, gari lisitoke uani. Turbo lililokufa huweza kuimiminia injini ya dizeli oili yake yenyewe, na injini ikaendelea kukimbia hata ufunguo ukiwa mkononi mwako. Hilo Strahil analijua. Mwambie nimeuliza kama analikumbuka. Atakueleza kwa nusu saa.

Masikio usiyataje kabla ya povu. Atakapoliona, mwambie, "Huo ndio mluzi wangu," kisha nyamaza. Mtu aliyesikiliza injini maisha yake yote atamalizia mwenyewe.

Na wewe acha kupayuka. Ukipayuka sauti yako inapanda, inakwenda palepale asipofika. Kaa mbele yake, akuone mdomo, ushushe sauti kama unavyoishusha kwayani kwenye noti za chini. Mfundishe na Yoana. Mtoto huyo ameachwa hewani muda mrefu, na hakuna aliyemweleza kwamba babu hakukusudia.

Povu likionekana, mpira mpya ukafungwa, na mluzi ukanyamaza kwenye jaribio la kona za juu, pandeni gari tarehe sita Mei. Wewe ndiye utakayesikiliza njia nzima, na safari hii atakuamini. Vipimo visipofanyika, ninyi na mwanakondoo mpande basi.

Nimepiga simu kliniki yenu ya mjini. Daktari wa masikio anapokea wagonjwa Alhamisi, tarehe 30 Aprili, saa nne asubuhi. Andikisha majina mawili. Strahil anaamini kiziwi ni wewe. Mwambie huenda anasema kweli, mkapimwe wote. Ingia wewe kwanza.