Shazia ya Zuhura Ukutani

Zuhura mwanangu,

Asalaam aleikum huko uliko. Ni mama yako. Mwandiko ni ule ule uliokuwa ukiucheka, eti herufi zangu zinatawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Vumilia tu. Nina habari ya ghalani, na sina mwingine wa kumpelekea.

Kwanza nyumbani. Mwanao Nasra mzima. Analala na kanga yako ile ya njano, hataki ifuliwe. Jana kamwamkia baba mwenye nyumba, "Shikamoo babu," halafu hapo hapo akaunganisha, "mlango wa choo utautengeneza lini?" Mtu mzima na ndevu zake! Niliona aibu, nikamvuta ndani. Kumbe nilikuwa najivuta mwenyewe nikalie, maana sauti ilikuwa yako, na kiuno alikishika vile vile.

Basi, baada ya matanga yako nikarudi kazini Kurasini. Gunia letu la kukalia nikalikuta pale pale, ndani ya mlango mkubwa, kivulini. Unakumbuka tulivyokipata kivuli hicho? Sie washona magunia tulikaaga nje juani, makuli ndani, na mie miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza kwa nini. Wewe umekuja wiki ya kwanza tu, ukaburuta gunia lako ukaingia nalo. Mzee Pazi, kuli mkongwe kuliko wote, akapiga kelele, "We binti, hapo pa wanaume!" Ukamtazama, ukamwambia, "Shikamoo baba. Kivuli hiki kimeandikwa jina la nani?" Makuli walicheka mpaka mmoja akaangusha mzigo.

Mie nikakufinya paja.

Nilikufinya sana, mwanangu. Ulisema juu ya maji ya kunywa, kwamba tusingoje wanaume wamalize, nikakufinya. Ulisema juu ya rundo la magunia lililoinama, nikakufinya. Mie kila ulipofungua mdomo nilikuwa naona tumefukuzwa, sufuria yetu imefunikwa, jiko limepoa. Makuli wakakuita Redio. "Redio, umekuja kushona au kuhutubia?" "Vyote, braza. Nashona kwa mikono, mdomo uko huru."

Sasa sikiliza. Ile desturi yao unaijua. Kuli akifa, kazi inasimama, na kulabu yake ya kuvutia magunia inatundikwa ukutani juu ya mlango mpaka arobaini. Siku hiyo nyapara anaishusha mbele ya watu wote, anataja jina la marehemu, anauliza nani anaichukua. Anayeichukua ndo anashika nafasi yake.

Siku uliyozikwa wewe, ghala halikufungwa. Wachache walikuja kukuzika, Mungu awalipe, wengine waliendelea kupakia. Na niliporudi nikatazama ukutani, kuna kulabu ya yule kuli marehemu Kibwana. Cha kwako hamna.

Shazia yako nilikuwa nayo kwenye pochi, sindano yako ile ile ya kushonea magunia, na uzi mwekundu ulioufunga ili isichanganyike na yangu. Nikakaa nikashona. Nikawa nasubiri mtu aseme. Saa zinakwenda, nasubiri tu. Ndo nikajua, mwanangu, kwamba mtu wa kusema alikuwa wewe.

Walipopumzika kunywa chai nikasimama. Nikamwambia nyapara Chande, "Samahani, shazia ya Zuhura itundikwe."

Chande akasema taratibu, si kwa ubaya, "Pole sana, mama. Lakini ile ni ya makuli. Nyie washonaji hammo kwenye safu."

Mmoja akadakia huko nyuma, "Tukianza kutundika sindano, kesho tutatundika na fagio!" Wakacheka.

Nikasema, "Litundikeni. Mfagiaji naye akifa, fagio lake litundikeni."

Nikatamani kurudi kwenye gunia langu. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, sikuweza kuufunga. Nikawaambia, magunia yanayowapasukia mabegani nani anayafunga? Mwanangu kameza vumbi hili hili mnalomeza nyie. Mlikuwa mnamwita Redio kutwa nzima, leo mnaniambia hakuwemo?

"Mama, utaratibu ni utaratibu," Chande akasema.

"Basi nifukuze. Lakini kwanza niambie usoni kwangu kwamba mwanangu hakufanya kazi hapa."

Nikamwona Mzee Pazi anainuka, anakuja upande wangu. Nikasema yarabi, leo nafukuzwa na huyu. Akanyoosha mkono. "Lete," akasema. Halafu akawageukia wenzake: "Binti huyu hakunipa amani hata siku moja. Nikikaa, neno. Nikisimama, neno. Sasa amani ninayo, na chai hainipiti kooni."

Akapanda juu ya magunia, mzee yule na goti lake bovu, akapigilia msumari mwenyewe. Shazia yako ikakaa pembeni ya kulabu ya Kibwana, uzi mwekundu unaning'inia. Chande akaitazama. Kisha akasema, "Haya, kazi." Hakunifukuza. Sijui kama alikubali au alichoka tu na mie.

Juzi ilikuwa arobaini yako. Chande aliishusha mwenyewe. Akaipangusa kwenye shati lake, akaita jina lako lote kama wanavyowaitaga wanaume: "Zuhura binti Omari! Nani anaichukua?"

Nilitaka kusema apewe kijana. Nilitaka kuinamisha kichwa nishone. Lakini nilikuona unanitazama, na jicho lako lile la kucheka. Nikanyoosha mkono.

Leo asubuhi kaja kuli mgeni, kijana mwenye adabu zake, hajatujua bado. "Shikamoo mama. Hebu sogeeni nje huko juani, hapa tunapanga mzigo." Na pale mbele yake sakafu tupu, ghala zima!

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Kivuli hiki kimeandikwa jina la nani?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Mzee Pazi kule nyuma akapaza sauti, "Redio imerudi hewani!"

Bado naogopa, Zuhura, nisikudanganye. Sina moyo kama wako. Nikimaliza kusema, vidole vyangu vinatafuta paja la kufinya pale pembeni, vinakuta gunia tupu. Hapo ndo nakukosa kuliko hata nikiwa nyumbani.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akutilie nuru. Lala salama mwanangu, kivuli chetu nakilinda.

Na Nasra, akiongea, sitamfinya.

Mama yako.