Mguu wa Kioko

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Bendeji zimechemshwa na kuanikwa. Mafuta ya kondoo yameyeyushwa. Wakimbiaji wa shamba letu walikuja kutoka kukata mkonge, wakaketi kwenye benchi nje ya dispensari, nami nikapiga magoti kuwasugua miguu. Bado naona haya. Mzee Ndung'u, dresa wetu anayetibu na kufunga vidonda, husema mguu ni mguu, uwe wa mwanamume au wa punda. Nimemaliza shule juzi tu, nikaajiriwa kumsaidia. Sijazoea.

Jumamosi timu yetu inakwenda Ruiru kushindana na shamba la kahawa. Nyapara Gathogo, anayeifundisha, anamtegemea Kioko katika mbio za maili. Kioko ni bubu, na hasikii. Muundi wake wa kulia umevimba kidogo. Nilimuuliza kama ni sawa. Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Nikasugua kwa nguvu zaidi.

Jumanne, 5 Agosti

Uvimbe umezidi. Nikamuuliza tena, kwa sauti kubwa, kana kwamba sauti ndiyo shida. Akaitikia. Gathogo akafurahi. "Mnaona? Huyu Mkamba ni wa chuma!"

Nilimwambia Mzee Ndung'u. Akasema niongeze mafuta. Nikaongeza. Sina raha.

Jumatano, 6 Agosti

Leo walicheka sana kwenye benchi. Njoroge, yule wa kuruka juu, alisimama mbele ya Kioko, uso mzito kama wa padre.

"Kioko, wewe ni mbuzi?"

Kioko akaitikia.

"Utamwoa mama mkwe wa Gathogo?"

Akaitikia tena, akatabasamu. Wote wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Kisha mkono wangu ukasimama juu ya mguu wake.

Huitikia kila mtu. Mdomo ukicheza mbele yake, kichwa chake hushuka, ili aachwe kwa amani. Siku zote hizi namuuliza, na bado sijamuuliza hata mara moja. Na nimekuwa nikisugua.

Nina hofu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilingoja wenzake waondoke. Nikaubonyeza mguu wake wa kushoto, usio na uvimbe. Vidole vya mguu vikatulia. Nikaubonyeza ule wa kulia, polepole, kutoka goti kushuka. Mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati, vidole vyake vilijikunja na jasho likamtoka. Uso bado ulitabasamu. Mwanamume aliyetahiriwa hawezi kulia mbele ya msichana. Hilo nalijua. Vidole havijui.

Nikamwita Mzee Ndung'u. Akabonyeza mwenyewe.

"Nadhani mfupa una ufa," akasema. "Akikimbia unaweza kukatika. Tulipaswa kuacha kusugua mapema."

Kisha akasema Gathogo ameshamwahidi mwenye shamba ushindi. Akasema tutaona.

Tutaona nini? Siku ya mbio, kila mkimbiaji aliyepimwa hupakwa tone la dawa ya zambarau mgongoni mwa mkono. Bila tone hilo hakimbii. Na chupa nitaishika mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikula. Mama akaniuliza kama nina malaria.

Namwogopa Gathogo. Naogopa zaidi Kioko akianguka. Nilifikiri nimnyime tone tu, basi. Halafu nikaona aibu. Hapo pia nitakuwa nimeamua juu ya mguu wake bila kumuuliza.

Lakini nitamuulizaje?

Jumamosi, 9 Agosti

Tulikwenda kwa lori. Askari walitazama pasi zetu za ruhusa ya kusafiri njiani. Timu iliimba hadi Ruiru. Kioko alipiga makofi akifuata mwendo wa mabega ya wenzake.

Uwanjani wakapanga mstari. Nikapaka, nikapaka, nikafika kwa Kioko. Akanyoosha mkono.

"Paka, kairitu," Gathogo akasema, akiniita msichana kwa Kikuyu. "Wanatungoja."

Nikasema bado. Sijui kama alinisikia. Niliokota kijiti kikavu cha mti wa kahawa, nikakipasua kidogo katikati. Nikakiweka juu ya muundi wa Kioko, ufa mahali penyewe. Kisha nikakikimbiza juu ya kiganja changu, kikidunda, kikidunda. Kikakatika. Nikamwonyesha njia ya mbio. Nikamwonyesha yeye. Nikafungua mikono: unasemaje?

Alivitazama vile vipande. Akaitazama njia ya mbio, muda mrefu.

Akatikisa kichwa. Hapana. Sikuwahi kumwona akikataa kitu.

"Ai! Nani amemfundisha hivyo?" Gathogo akanigeukia. "Mtoto wa juzi! Jumatatu nisikuone kwenye shamba hili."

Mzee Ndung'u akaichukua ile chupa mkononi mwangu. Nilidhani atapaka. Akafunga kifuniko.

"Amekataa mwenyewe, Gathogo. Na mimi dresa nimekataa. Huyu msichana ni wangu, si wako."

Mbio za maili walishinda watu wa Ruiru. Kurudi hakuna aliyeimba. Kioko alinipa mgongo hadi nyumbani Thika. Nilifikiri ameelewa. Labda ndiyo sababu: amejua mbio zimempita. Nililia ndani ya leso.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Sijui kesho niende au nisiende.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikwenda. Nikasimama mlangoni. Mzee Ndung'u akanipa sufuria ya bendeji. Gathogo alipita, hakutusalimu.

Jioni Kioko alikuja peke yake na fimbo. Wamempa kazi ya kufunga mafungu ya mkonge, ya kukaa. Akaketi kwenye benchi, akaunyoosha mguu kabla sijamwambia, akaweka kidole mwenyewe mahali pale.

Hatukupaka mafuta. Tuliufunga kwa vibao viwili na bendeji safi. Nilipomaliza nikagusa fundo, nikakunja uso kumuuliza kama limebana.

Akafikiri kwanza. Akatikisa kichwa.

Nikamwamini.