Tulikimbia Nyuma ya Ezechiel

Kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, Malawi, siku ya kugawa posho

Yaya Solange, mukubwa wangu,

Uvira mvua inawasumbua bado? Huku imekatika, cherehani yangu inashona tena, na mutoto wa Pascaline ameota jino.

Mudogo wetu Ezechiel alikimbia. Kila mwaka bazungu banatoka kwao kuja kukimbia toka Lilongwe mpaka mulima wa Nkhoma, eti kwa furaha tu. Mwaka huu Ezechiel aliingia nabo, na mumoja alimuazima mufuko wake wa maji, wa kubeba mugongoni, muzuri sana. Sisi ba kanisa tulitangulia kumungojea sokoni Nathenje, tumusindikize vile tunafanyaka kwetu Fizi: mutu wako akipita, unakimbia nyuma yake ukipiga beseni.

Alifika wa kwanza, yaya! Bazungu bote alibaacha mbali, habaonekani. Tukamufuata na makelele yetu.

Bantu ba soko baliona nini? Mukimbizi na mufuko wa muzungu, na kundi inamufukuza. Jiwe ya kwanza ilimupata kwenye jicho. Halafu matofali, halafu mipini ya majembe. Mwanaume mumoja alimukanyaga mukono mpaka mufupa ukalia. Nilipiga kelele, "Si mwizi, ni ndugu yangu!" Nani kule anasikia Kiswahili? Nikamupasua ule mwanaume kichwa na beseni. Sijuti.

Jicho njo imekwisha, haitaona tena. Ezechiel anasema akipona atakimbia tena. Ameomba kitu kimoja tu: kusikuwe mutu wetu nyuma yake.

Ni mi,
Kabibi